Kijarida Huanzia Kwenye Mashine ya Fotokopi

Watu wengi wanaotaka kutoa kijarida chao wenyewe, kile ambacho vijana wa mjini wanakiita zine, huanza na jina, kisha nembo, kisha ukurasa wa Instagram. Kijarida chenyewe huja mwisho, na mara nyingi hakiji kabisa. Anza kinyume: nenda kwanza ukaitazame mashine itakayokitoa. Duka la fotokopi lililo karibu nawe hapa Mombasa, liwe Majengo, Tudor, Kisauni au vichochoro vya nyuma ya Digo Road, ndilo litakaloamua upana wa pambizo, kama picha zako zitaonekana ama zitageuka madoa, na bei ambayo msomaji atailipa bila kununa. Ukishaijua mashine, kuandika kunakuwa kwepesi, maana unajua una kurasa ngapi za kujaza.

Kijarida cha aina hii hakina kampuni nyuma yake. Anayekiandika ndiye anayekipanga, anayekikunja na anayekigawa, na nakala zake ni 20 au 50; zikifika 200 ni nyingi. Wapenzi wa hadithi za sayansi wa Chicago walikuwa wakisambaziana vijarida vyao tangu mwaka 1930, na jina fanzine, ambalo zine ni kifupi chake, likatungwa na mpenzi mwingine wa hadithi hizo, Louis Russell Chauvenet, mwaka 1940. Miaka ya 1970 vijana wa punk wa London wakachukua mkasi, gundi na fotokopi wakazifanya mtindo. Hapa Mvita nako hatukungoja kufundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Kiislamu wa hapa, alikuwa akitoa Sahifa, kijarida chake cha Kiswahili, kisha Al-Islah. Ukitaka kumweleza mzee wa barazani unachokifanya, anzia kwa Sheikh Al-Amin. Habari za London hazitamsaidia.

Karatasi ya majaribio

Kabla ya kuandika lolote, tengeneza karatasi moja ya A4 ya kuipima mashine. Chora fremu tatu kuzunguka ukingo: ya kwanza milimita 3 kutoka ukingoni, ya pili 5, ya tatu 8. Ndani yake weka sentensi moja iliyorudiwa kwa herufi za ukubwa wa 8, 9, 10 na 12. Weka mraba mweusi tii wa sentimita 5, weka picha moja ya uso wa mtu, na mshale mkubwa unaoelekeza juu. Upande wa pili rudia mshale na fremu. Kisha nenda dukani.

"Kaka, mashine hii yatoa pande mbili yenyewe?"

"Yatoa, dadangu."

"Yageuzia upande mfupi ama mrefu?"

Hapo mazungumzo hukwama, na si kosa la kijana wa duka. Wateja wake wanatoa vitambulisho na fomu, hakuna anayemuuliza hivyo. Ndiyo maana unakwenda na karatasi. Karatasi ya A4 iliyolazwa, yenye kurasa mbili za A5 ubavu kwa ubavu, lazima igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu, nyuma yote inatoka kichwa chini, na hutaligundua hilo mpaka umekunja.

Kopi ikitoka, isome hivi. Fremu iliyokatika inakuonyesha mashine inaishia wapi. Nyingi haziwezi kuchapa milimita 4 au 5 za ukingoni, kwa hiyo picha ya kujaa mpaka ukingoni isahau, isipokuwa utakata karatasi baadaye. Inua karatasi kwenye mwanga utazame fremu za pande mbili zinavyopishana. Kupishana kwa milimita 2 ni kawaida, na ndiyo sababu pambizo ya milimita 10 ni ya lazima na ya 12 ni ya raha. Mraba mweusi ukitoka na mawimbi ya kijivu, tona, ule unga wa wino, imekaribia kwisha au ngoma ya mashine, silinda inayobeba picha, imechakaa. Usipange jalada jeusi kwenye mashine hiyo. Herufi ndogo kuliko 9 mara nyingi huvunjika miguu. Na picha ya uso ikiwa imekuwa kivuli, mwombe aweke mashine kwenye hali ya picha, arudie.

Karatasi moja, kurasa nane

Anayeanza aanze na kijarida cha karatasi moja. Hakitaki stepla wala uzi, na kinachapwa upande mmoja tu, kwa hiyo lile swali la kugeuza halipo. A4 inakupa kurasa 8 za milimita 74 kwa 105, saizi ya kuingia kwenye mfuko wa shati.

Laza karatasi, upande mrefu ukuelekee. Ikunje kwa urefu, ifungue. Ikunje katikati kwa upana, kisha kila nusu ikunje tena kuelekea katikati, ifungue yote. Sasa una vyumba vinane, vinne juu na vinne chini. Safu ya chini, kutoka kushoto kwenda kulia, andika ukurasa wa 6, 7, 8, 1. Safu ya juu, kutoka kushoto, ni 5, 4, 3, 2, na hizi zote nne ziandikwe kichwa chini. Ukurasa wa 1 ni jalada la mbele, wa 8 la nyuma. Sasa ikunje tena katikati kwa upana, ukate kwa mkasi kuanzia kwenye mkunjo, ukifuata mstari wa kati, mpaka ufike mkunjo unaofuata na usizidi hapo. Ukifungua utaona mpasuo katikati ya karatasi, wa urefu wa vyumba viwili. Kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane mpasuo ufunguke, halafu zizungushe kurasa mpaka jalada likae mbele.

Kinachoharibika hapa ni mambo mawili. Kwanza, watu hukata upande wa ukingo badala ya upande wa mkunjo, na karatasi inapasuka nchani, katikati haifunguki. Pili, mtu wa duka huipunguza kopi bila kuambiwa, kwa sababu mashine imewekwa itoshee karatasi. Mikunjo haitaangukia tena kati ya kurasa. Sema mapema: asilimia 100, isijipunguze.

Kurasa 16

Baada ya hapo, saizi inayofaa mji huu ni A5 yenye kurasa 16. Kurasa 8 zinaisha kabla msomaji hajakaa vizuri, na 32 zinakuchosha wewe na mfuko wako. Idadi lazima igawanyike kwa 4, kwa kuwa kila karatasi ya A4 iliyokunjwa inabeba kurasa nne. Ukiwa na maandishi ya kurasa 14, usiongeze porojo. Weka picha mbili, au ukurasa mtupu wa msomaji kuandika.

Mpangilio ni huu. Karatasi ya kwanza, ya nje, ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Ya pili ina 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya nne, ya ndani kabisa, 10 na 7, kisha 8 na 9. Jumla ya kurasa mbili zilizo ubavu kwa ubavu ni 17 daima, yaani idadi ya kurasa ongeza moja, na namba isiyogawanyika kwa 2 inakaa kulia. Ukiijua kanuni hiyo unaweza kupanga kijarida cha ukubwa wowote bila kompyuta. Mwenye kompyuta ana njia ya mkato: Acrobat Reader na LibreOffice zote mbili zinaweza kupanga kurasa za kijitabu wakati wa kuchapa. Hata hivyo, kunja kwanza karatasi nne tupu, ziandike namba kwa kalamu, uende nazo dukani. Mfano wa mkononi humaliza ubishi.

Kuna jambo ambalo watu wa pwani wanaweza kulifanya vizuri kuliko wengi. Kiswahili cha hati ya Kiarabu kinafunguliwa kutoka kulia, na cha hati ya Kilatini kutoka kushoto. Kwa hiyo kijarida kimoja kinaweza kuwa na majalada mawili ya mbele: msomaji wa Kilatini anaanza huku, wa Kiarabu anaanza kule, wanakutana ukurasa wa 8 na 9, na hakuna ukurasa ulio kichwa chini. Kurasa nane kwa kila hati. Shairi lile lile kwa hati mbili, na picha moja kubwa pale katikati, ambapo karatasi ni moja na picha haikatiki.

Kama unabandika kwa mkono, andaa kila ukurasa kwenye A4 nzima kisha mashine iupunguze kwa asilimia 71, utoke A5. Kupunguza kunaficha mitetemo ya mkono na kuzinoa herufi. Tumia kalamu nyeusi; penseli na wino wa samawati hafifu hupotea. Gundi ya maji hukunjamanisha karatasi, na kila kikunjo kinatoka kama mstari wa kijivu, kwa hiyo nunua gundi ya kijiti. Kingo za vipande ulivyobandika nazo huacha kivuli: zipake wino mweupe wa kufutia, au mwombe apunguze weusi kidogo. Na kopi zote zitoke kwenye nakala ile ya asili. Kopi ya kopi hupoteza kitu kila mara, na kufikia ya nne nyuso za watu hazina macho.

Mwenye kupanga kwa simu au kompyuta apeleke PDF, si faili la Word. Word ikifunguliwa kwenye kompyuta ya saiba isiyo na fonti zako, mistari inasogea na ukurasa wa 7 unamwagikia wa 8. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama waraka; picha ikitumwa kama picha hubanwa na kutoka na ukungu. Flashi disk ya saiba mara nyingi inarudi nyumbani na virusi, basi usiwe na nakala pekee humo.

Tuhesabu. Nakala 50 za kurasa 16 zinahitaji karatasi 200, pamoja na 50 za jalada. Ongeza asilimia 10 ya zitakazoharibika: 220 na 55. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo itakutosha na kubaki. Kila nakala ina pande 8 za kuchapwa ndani. Tuseme duka linatoza shilingi 3 kwa upande ukileta karatasi yako. Hizo ni shilingi 24, na jalada la manila lililochapwa nje tu tuseme 12. Ukiuza shilingi 50 hujapata faida ya kutajika, lakini toleo la pili limejilipia karatasi.

Unyevu

Miongozo mingi ya vijarida imeandikiwa nchi kavu na za baridi. Hapa adui ni hewa. Karatasi inanyonya unyevu, na kipindi cha masika au siku zile za joto la kaskazi rimu iliyofunguliwa jana leo inapinda ncha. Karatasi yenye unyevu inakwama kwenye mashine, na tona haiishiki sawasawa. Pitisha kidole uone inavyoacha unga. Shida huzidi kwenye upande wa pili, maana joto la upande wa kwanza limekausha karatasi upande mmoja na kuipinda. Usiivue rimu karatasi yake ya nje mpaka ufike kwenye mashine. Iliyobaki ifunge ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, ukiweke juu ya kabati, si sakafuni. Zikianza kupinda, mwombe azigeuze kwenye trei, uso chini, na mkiweza chapeni upande wa kwanza wote, muziache zipoe, ndipo mrudi kwa upande wa pili. Itamchosha, kwa hiyo usiende saa ya wanafunzi kumaliza skuli.

Hewa hiyo hiyo ya chumvi ndiyo inayokula pini za stepla. Pini ya chuma kwenye kijarida kilichokaa karibu na bahari hushika kutu, na kutu inatoa doa la kahawia kwenye mkunjo mpaka ukurasa wa tatu. Kwa kijarida cha kugawa leo kisomwe kesho, hakuna neno. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, unahitaji ile ya mkono mrefu. Usipoipata, fungua stepla yako wazi kabisa, laza karatasi juu ya kadibodi nene, jalada juu, piga pini mbili kwenye mkunjo sentimita 5 kutoka kila ncha, kisha geuza ukalaze miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Miguu ibaki ndani, isije ikamkwaruza mtu.

Kijarida unachotaka kidumu, kishone. Mashimo matatu kwenye mkunjo yanatosha: moja katikati, sentimita 10.5 kutoka juu, na mawili sentimita 3.5 kutoka kila ncha. Toboa kwa sindano nene ya fundi viatu, karatasi zote na jalada zikiwa pamoja, la sivyo mashimo hayatakutana. Kata uzi wa sentimita 55. Uzi wa pamba wa fundi cherehani, ukiukunja mara mbili (hapo kata sentimita 110) na kuupitisha kwenye mshumaa, unafaa sana. Nailoni inateleza na fundo linafunguka. Anza ndani, shimo la katikati, toka nje ukiacha mkia wa sentimita 7. Ingia shimo la juu. Ndani, pita moja kwa moja mpaka shimo la chini ukiruka la katikati, toka nje. Rudi uingie shimo la katikati. Sasa ncha mbili ziko ndani. Hakikisha moja iko kushoto na nyingine kulia mwa ule uzi mrefu, ndipo ufunge fundo juu yake. Unapokaza, vuta uzi sambamba na mkunjo. Ukiuvuta kukuelekea wewe, unachana karatasi.

Jalada la manila linataka heshima yake. Nyuzi za karatasi zinalala upande mmoja, na manila ikikunjwa kukata nyuzi hupasuka mkunjo na baadaye, ikipata unyevu, inainuka kama mdomo wa kome. Pinda shiti polepole kwa huku, kisha kwa kule. Upande unaopinda kwa urahisi ndio wa mkunjo wako. Nunua shiti kubwa ukate mwenyewe, maana zile zilizokatwa A4 tayari mara nyingi nyuzi zake zinafuata urefu, na mkunjo wa A5 unazikata. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu ya biki iliyokwisha wino juu ya rula kwenye mstari wa mkunjo. Na usiweke weusi mzito hapo, tona itabanduka na kuacha ufa mweupe.

Mashine ya riso, ile inayochapa mitihani kwenye shule nyingi, ni nzuri na rahisi ukizidi nakala 100, kwa sababu gharama kubwa iko kwenye stensili ya kila ukurasa na si kwenye kopi. Wino wake haukauki upesi hapa. Zilaze kurasa usiku kucha kabla ya kugusa.

Kukitoa

Ukurasa wa nyuma uwe na jina la kijarida, namba ya toleo, mwezi na mwaka, idadi ya nakala, na neno kuhusu ruhusa: kama msomaji anaweza kukipiga kopi akagawa, sema. Hakimiliki ya kazi yako ni yako tangu uiandike. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni hiari. Usipige picha za nyuso za watu wa Marikiti au wa mlangoni kwao Mji wa Kale ukaziweka bila kuwauliza. Mji ni mdogo, na picha itamfikia mwenyewe kabla ya wewe.

Wanaoandika kwa jina la kubuni waangalie M-Pesa. Anayekutumia pesa kwenye namba yako anaona jina ulilosajiliwa nalo. Till, yaani namba ya malipo ya biashara, yenye jina la kijarida, au sarafu mkononi, inatatua hilo.

Kubadilishana ndiyo desturi kongwe ya wenye vijarida: changu kwa chako, bila kupima kurasa. Kwa posta, karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo kijarida cha karatasi moja kinaingia kwenye bahasha ya barua yoyote, na cha kurasa 16 chenye jalada la manila la gramu 160 kinafika gramu 30 kabla ya bahasha. Uliza ngazi za uzito kwanza, ndipo uamue unene wa jalada. Mjini, acha nakala mbili mbili na si kumi: kwa kinyozi, kwa muuza kahawa, kwa fundi cherehani ambaye wateja wake wanangoja. Rundo la kumi linafungiwa bajia.

Nakala za asili zitunze, maana utaombwa toleo la kwanza wakati umeshalisahau. Usizitie kwenye vifuko laini vya plastiki vinavyouzwa kwa ajili ya vyeti. Kwa joto la hapa tona inashikamana na plastiki, na ukiuvuta ukurasa maandishi yanabaki kwenye kifuko. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, bahasha uiweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na nakala mbili zilizokwisha kushonwa na ile karatasi ya majaribio, yenye jina la duka na tarehe nyuma yake. Mashine zinabadilishwa, na toleo la pili litaanza na kipimo kipya.